Mhuri wa Mwalimu Ndani ya Kompyuta

Hakuna karani anayechora mhuri wa ofisi kwa kalamu kila anapomaliza kuandika barua. Mhuri huchongwa mara moja tu, kwa uangalifu, na fundi anayeijua kazi yake. Baada ya hapo hukaa mezani pamoja na pedi yake ya wino, na barua ikija hugongwa, basi, kazi imekwisha. Barua ya kwanza na barua ya elfu moja hubeba alama ile ile.

Lakini hebu tujitazame tunapokaa mbele ya kompyuta. Mtu anataka kuweka alama ya taa ya umeme katika karatasi yake. Anachora duara, anaweka msalaba ndani ya duara, anavuta mstari mmoja kulia na mwingine kushoto. Amepata taa. Akifika swali la pili anahitaji taa nyingine, naye anaanza upya: duara, msalaba, mstari, mstari. Mara hii duara limekuwa kubwa kidogo na msalaba umetokeza nje. Mwezi ujao, katika karatasi nyingine, atachora tena. Mtu huyu ana mashine yenye uwezo wa kukumbuka mamilioni ya maneno, naye anaitumia kama ubao na chaki.

Leo nataka tuzungumze juu ya namna ya kuchora alama mara moja, kuipa jina, kuihifadhi, na kuiita kila tunapoihitaji, ndani ya programu zile zile tunazoandikia barua, kama vile Microsoft Word na LibreOffice Writer. Nitamchukua mwalimu wa fizikia awe mfano wetu. Nimemchagua kwa makusudi, maana kwake yeye jambo hili si la urembo wa karatasi. Linahusu alama anazopata au kukosa mtoto wa mtu.

Waliosoma sekondari miaka ya 1980 na 1990 wanaikumbuka mitihani iliyotoka kwenye mashine ya kudurufu. Maswali yalipigwa taipu juu ya stensili, ile karatasi yenye nta. Penye mchoro iliachwa nafasi, na mwalimu akachora juu ya nta kwa kalamu yenye ncha ya chuma. Akikosea alipaka dawa ya kufutia, akasubiri ikauke, akajaribu tena. Ilikuwa kazi ya subira.

Kompyuta imeondoa nta, lakini desturi ya kuacha nafasi haijaondoka kila mahali. Wapo walimu ambao hadi leo huchapa maswali kwa kompyuta, wakayatoa kwa printa, kisha wakachukua rula na kalamu wakajaza michoro kwa mkono kabla ya kupeleka karatasi kwenye fotokopi. Wengine huchora ndani ya kompyuta, lakini kila swali kwa mchoro wake, bila mpango. Matokeo ni yale yale: alama moja ina sura tatu katika karatasi moja.

Huenda ukauliza, ndugu msikilizaji, kuna ubaya gani taa ikiwa kubwa hapa na ndogo pale? Ukubwa peke yake pengine si hoja. Hoja ni maana. Seli ya umeme, yaani jiwe moja la redio, huchorwa kwa mistari miwili iliyosimama sambamba, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Mrefu ni upande wa chanya, mfupi ni upande wa hasi. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mwanafunzi mkondo wa umeme unatoka upande gani. Mwalimu aliyechoka, anayechora seli ya sita saa nne za usiku, akiigeuza mistari hiyo, amelibadilisha swali bila kujua.

Dayodi ni kali zaidi. Hii hupitisha umeme upande mmoja tu. Alama yake ni pembetatu inayogota kwenye kijiti, na umeme hupita kuelekea upande ambao pembetatu inaelekeza. Ukiichora kinyume, saketi haipitishi kitu na taa haiwaki. Mwanafunzi anayejua fizikia yake ataandika kwamba taa haiwaki, kwa sababu ndivyo mchoro unavyosema. Msahihishaji ana jibu tofauti mezani, naye atampiga mkasi. Mtoto amekosa kwa sababu amejua.

Tena kuna jambo la alama mbili kwa kitu kimoja. Kile kifaa cha kupunguza mkondo, ambacho mafundi wetu wa redio hukiita rezista, katika vitabu vingi vya Marekani huchorwa kwa mstari wa kupinda-pinda kama meno ya msumeno. Katika kiwango cha kimataifa cha alama za michoro ya umeme, IEC 60617, ni mstatili mtupu. Zote mbili zinaeleweka kwa aliyezizoea. Lakini niliwahi kuona karatasi moja ya majaribio, na shule sitaitaja, ambayo ilitumia meno ya msumeno katika swali la tatu na mstatili katika swali la saba. Mtahiniwa anaposoma kwa hofu na saa inakwenda, ni haki yake kudhani kwamba vitu viwili vyenye sura mbili ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo basi, dawa ni nini? Dawa ni kuchonga mhuri.

Wala wazo hili si la jana. Mnamo mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, kijana aitwaye Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake ya udaktari juu ya programu aliyoipa jina la Sketchpad. Alichora kwenye kioo cha kompyuta iitwayo TX-2 kwa kalamu maalumu ya nuru, wakati ambapo kompyuta nyingi zililishwa kadi zenye matundu. Katika programu ile mtu aliweza kuchora umbo moja la asili, tuliite mama, kisha akalizalisha mara nyingi kadiri alivyotaka. Miongoni mwa mifano ambayo Sutherland alionyesha ni hiyo hiyo michoro ya saketi za umeme. Na kulikuwa na ajabu moja zaidi: ukimsahihisha mama, watoto wote walibadilika. Mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Turing, ambayo ni heshima ya juu kabisa katika fani ya kompyuta. Nawaomba mkumbuke habari hiyo ya mama na watoto, kwa maana nitairudia.

Sasa tuingie kazini. Hatua ya kwanza ni kutochora. Naam, kutochora. Kabla hujashika kipanya, tazama kama alama unayoitaka haimo tayari ndani ya kompyuta. Alama ya ohm, Ω, ni herufi ya Kigiriki na imo. Alama ya nyuzi za joto imo, nusu imo, kipeo cha pili kimo, mishale ya kila upande imo. Fungua menyu ya Insert, tafuta neno Symbol, na utaona jedwali kubwa. Mfumo wa Unicode, ambao ndio unaotumiwa na kompyuta za siku hizi, una herufi na alama zaidi ya 100,000. Nimeona watu wakichora mshale kwa mistari mitatu, na mshale huo umo ndani ya mashine unawasubiri.

Hatua ya pili ni kuchora vipande. Zile alama ambazo huzipati katika jedwali, kama vile rezista, seli, swichi na fyuzi, utazichora kwa maumbo ya kawaida: mstari, duara, mstatili, pembetatu. Katika Word maumbo hayo yapo chini ya Insert, penye neno Shapes. Unapochora, shikilia kitufe cha Shift: duara litakuwa duara kweli, si yai, na mstari utanyooka. Kuza picha kwenye kioo ili uone vizuri mahali ambapo mistari inakutana. Chagua kipimo kimoja na ukifuate katika alama zote, tuseme urefu wa sentimita moja na nusu toka ncha hadi ncha, ili ukiziunganisha baadaye zilingane.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo watu wengi huiruka, na hapo ndipo mchoro unapowavurugikia. Taa uliyoichora bado si taa. Ni duara moja na mistari minne, kila kimoja kikiwa na maisha yake. Ukiongeza sentensi moja juu ya ukurasa, duara linakwenda huku na msalaba unabaki kule. Ni lazima uvifunge vipande hivyo kuwa mzigo mmoja, kama kuni zinavyofungwa kamba. Bonyeza kipande cha kwanza, shikilia Shift, bonyeza vingine vyote kimoja kimoja, kisha toa amri ya Group. Kuanzia hapo ukivuta duara, na msalaba unafuata. Ukipunguza ukubwa, vyote vinapungua pamoja.

Hatua ya nne ni kuifanya alama hiyo ikae katika mstari kama herufi. Mchoro katika Word huweza kuelea juu ya karatasi, au kukaa kati ya maneno. Unaoelea ni msumbufu, hasa kwa alama ndogo. Bonyeza mchoro wako, tafuta mpangilio wa maandishi kuuzunguka, kisha uchague In Line with Text. Sasa ukiandika “unganisha”, ukaweka alama, ukaendelea na sentensi, alama itatembea na sentensi yake popote iendako. Zile utakazotumia kujenga mchoro mkubwa wa saketi unaweza kuziachilia zielee baadaye, ukishaziita.

Hatua ya tano ni kuipa jina na kuihifadhi. Chagua alama yako, kisha bonyeza Alt pamoja na F3. Kidirisha kidogo kitafunguka na kukuuliza jina. Usiandike “mchoro1” wala “taampya”. Andika jina ambalo utalikumbuka miezi sita baadaye ukiwa na haraka: “fzseli”, “fztaa”, “fzdayodi”. Hizo herufi mbili za mwanzo zinasimama badala ya fizikia, na zinasaidia ili jina lisigongane na maneno ya kawaida. Kubali, na kazi imekwisha. Utakapofunga Word inaweza kukuuliza kama uhifadhi mabadiliko katika vipande ulivyojiwekea. Jibu ndiyo. Ukijibu hapana, jasho lako lote la jioni limemwagika.

Na hatua ya sita ni kula matunda. Kesho unaandika mtihani. Umefika penye taa. Andika “fztaa”, bonyeza F3, na jina litatoweka, taa itasimama mahali pake. Ni ile ile ya jana, na itakuwa ile ile ya mwakani.

Wanaotumia LibreOffice, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, wana njia yao, tena rahisi. Baada ya kufunga vipande kuwa mzigo mmoja, fungua sehemu iitwayo Gallery, anzisha kundi jipya, tuseme “Alama za Fizikia”, kisha uvute alama yako kwa kipanya na kuidondosha humo. Siku ya kuihitaji unaivuta kutoka humo hadi kwenye ukurasa. Niongeze kwamba hiyo OpenOffice.org ilikwisha kusema Kiswahili tangu mwaka 2004, wakati mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipoitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa hiyo asije mtu akasema mambo haya hayakuwahi kusogezwa karibu yetu.

Sasa nirudi kwa mama na watoto. Katika programu ya Sutherland, ukimsahihisha mama watoto walijisahihisha. Katika programu zetu za kuandikia mambo hayako hivyo. Unapoiita taa kwa F3, unapata nakala, na nakala hiyo haimjui tena mama yake. Ukigundua leo kwamba dayodi yako ilihifadhiwa imegeuzwa, ukaisahihisha na kuihifadhi upya, karatasi zitakazokuja zitakuwa sawa. Lakini zile kumi ulizokwisha kuandika zitabaki na dayodi ya kinyume, mpaka uzifungue moja moja.

Hapa ndipo mhuri unapokuwa na makali pande mbili. Anayechora kwa mkono hukosea mara moja katika karatasi moja. Anayechonga mhuri wenye kosa hukosea kila anapogonga, na hukosea kwa unadhifu, hata hakuna anayeshuku. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuhifadhi, toa alama zako zote kwenye karatasi moja na umpe mwalimu mwenzako azikague. Mkubaliane katika idara: rezista ni mstatili au ni meno ya msumeno? Fuateni zile ambazo wanafunzi watakutana nazo katika mtihani wa taifa. Nusu saa ya mabishano katika chumba cha walimu ina nafuu kuliko mabishano baada ya matokeo kubandikwa.

Lipo jambo la mwisho, nalo linawagusa hasa wakazi wa mijini. Wengi wetu hatufanyii kazi kwenye kompyuta zetu wenyewe. Tunakwenda kwenye vibanda vya kuchapa, au tunatumia kompyuta moja ya ofisi ambayo watu saba wanaigombania. Alama ulizohifadhi kwa Alt na F3 zimo ndani ya mashine ile, si ndani ya karatasi yako wala ndani ya diski yako. Siku fundi akiisafisha mashine ili kufukuza virusi, alama zako zinaondoka pamoja na virusi. Na siku ukihamia kibanda cha pili, F3 haitakujibu kitu.

Kinga yake ni ya kizamani lakini haijashindwa. Tengeneza faili moja ya kawaida, uiite “Daftari la Alama”. Ndani yake weka jedwali lenye safu mbili: kushoto jina, kulia alama yenyewe, ikiwa imekwisha kufungwa na kukaguliwa. Weka faili hiyo katika flashi yako, nakala moja itume kwa barua-pepe yako mwenyewe, na nyingine mpe mwenzako. Popote utakapokaa, hata penye kompyuta ya mtu usiyemjua, utafungua daftari, utanakili alama, utaibandika kwenye kazi yako. Si haraka kama F3, lakini ni yako, na mwalimu mgeni akija shuleni utamkabidhi daftari lote kwa dakika moja. Katika shule nyingi ujuzi wa namna hii huondoka na mwalimu siku anapohamishwa, na anayekuja huanza na duara la kwanza.

Nimemsema mwalimu, lakini wengine mmekwisha kujiona. Fundi umeme anayechora ramani ya nyaya za nyumba ana swichi, soketi na taa zake. Mchapaji wa kadi za harusi, anayeweka ramani ya kufika ukumbini, ana kituo cha daladala, msikiti, kanisa na kituo cha mafuta, na kila Jumamosi ana harusi nyingine. Kocha wa timu ya mtaani ana wachezaji wake kumi na mmoja wa kupanga kwenye karatasi. Wote hao wanachora leo kitu walichochora wiki iliyopita.

Ndugu wasikilizaji, ninyi mnaoandika mitihani, ninawapa kazi ndogo ya nyumbani. Wiki hii kaeni na mwenzenu mmoja, mchague alama kumi tu ambazo mnazitumia zaidi. Zichoreni vizuri, mzifunge, mzikague, mzipe majina, mziweke katika daftari. Haba na haba hujaza kibaba. Muhula ukifika, ule muda mliokuwa mkiutumia kuchora duara lile lile utumieni kusoma maswali yenu mara ya pili, mkiangalia kama mstari mrefu wa seli uko upande unaotakiwa.